Karata ya Ijumaa

Cygnet, Tasmania
Jumapili, 29 Machi 1987

Jacinta mwanangu,

Naandika nikitumai u mzima, na kwamba huko kwenye vumbi lenu mmepata walau mvua ya kulowesha kofia. Sisi hapa hatujambo. Baba yako anakusalimu na kulalamika kwamba hujamwandikia tangu Krismasi. Nimemwambia kalamu haing'ati, na yeye ajaribu. Paka amezaa tena ndani ya kikapu cha kuni. Binamu yako Neville anakuja kutoka Hobart kila Jumapili, na kila akija anafungua makabati yangu na kuguna. Mtoto niliyemzaa mwenyewe ananigunia ndani ya nyumba yangu!

Wiki yangu ni ileile unayoijua. Jumatatu nilifundisha piano watoto wawili, mmoja hana sikio, mwingine hana adabu. Jumanne nilifua, Jumatano nikachemsha jemu ya matufaha, Alhamisi jemu ikaungua. Ijumaa ilikuwa dansi ya mwisho wa mwezi pale ukumbini. Nilipiga piano, Clarrie akapiga kodiani, Dot akagonga ngoma zake huku anatafuna peremende. Wanawake walileta sahani za chakula kama ada, na Clarrie, mwanaume pekee anayeleta sahani, akaja na jibini na vitunguu vyake vya siki. Kufika wimbo wa mwisho watu wakashikana. Unajua mambo ya hapa: unayecheza naye wimbo wa mwisho ndiye unayerudi naye nyumbani. Mpiga piano hachezi na mtu. Nimerudi na sahani yangu, kama nilivyorudi miaka yote tangu Alf wangu afariki, na hata kabla hajafariki, maana Alf hakupenda dansi.

Sasa lile uliloniuliza. Karata zangu za taroti, zile za kutazamia bahati, bado nazipanga saba kila Jumapili juu ya kifuniko cha piano, zimelala kifudifudi, moja ya kila siku, na kila asubuhi nafunua ya siku hiyo. Ya Ijumaa ni ya mapenzi. Kuhusu wewe na huyo Garth mkata manyoya, nilikuchomolea karata ya pekee. Imetoka Vikombe Viwili, karata ya wawili kupatana, kichwa chini miguu juu. Unajua pakiti yangu huwa naiweka wima yote na kugeuza chache tu kabla ya kuchanganya, kwa hiyo karata ikitoka kichwa chini maana yake imepinduka, na ni neno zito. Achana naye.

Clarrie aliniuliza neno Ijumaa ile tulipokuwa tunakunja viti. Karata ya asubuhi nilikuwa nimeshaiona: Wapenzi, kichwa chini. Nikamjibu hapana. Yamekwisha hayo.

Shangazi yako akupendaye,
Thelma

*

Shamba la kondoo, kaskazini ya Australia Kusini
Alhamisi, 16 Aprili 1987

Shangazi mpendwa,

Salamu zako zimefika na Alhamisi ya posta, nami nazijibu palepale gari likiwa linapakuliwa, kwa hiyo nisamehe mafuta kwenye karatasi. Niko salama. Mvua hakuna. Mwambie baba nampenda na nitamwandikia akinijibu ile ya mwaka juzi.

Nawapikia wakata manyoya asubuhi, saa nne, mchana, saa kumi na usiku. Watu hawa wanakula kana kwamba kesho kondoo watakata manyoya yao. Nyama ya kondoo, viazi, nyama ya kondoo, keki. Jumamosi wanafagia banda na tunacheza dansi. Sakafu ya mbao imekunywa mafuta ya manyoya miaka na miaka, shangazi, inateleza vizuri kuliko ukumbi wenu. Garth anapuliza kinanda cha mdomo na mguu wake unapiga sakafu nje kabisa ya wimbo. Ungemchapa rula.

Siachani naye.

Nimeisoma karata yako mara nyingi. Mimi ni mtoto wako wa karata, ulinifundisha nikiwa sijafikia meza, na najua Vikombe Viwili kichwa chini maana yake nini. Iwe hivyo. Akiniumiza nitaumia. Ila mtu anayeamka kabla yangu kuniwashia jiko, bila kuombwa wala kuja kujisifu, simwachi kwa sababu ya kipande cha karatasi. Usinune.

Nina maswali mawili. La kwanza, mbona mwandiko wako umelala? Herufi zako zilikuwa zinasimama kama askari, sasa zote zinaegemea ukuta. La pili, Clarrie alikuuliza neno gani?

Mtoto wako mkaidi,
Jacinta

*

Cygnet
Jumapili, 3 Mei 1987

Jacinta,

Natumai unakula vizuri, kwa kuwa kusikia husikii. Hapa baridi imeanza, asubuhi nyasi ni nyeupe. Paka wanne kati ya watano wamepata nyumba. Dot anakusalimu.

Nimenuna. Uliomba karata, nikakupa, ukaitupa. Basi usingeomba.

Mwandiko: mwanzoni mwa Machi niliteleza kwenye ngazi ya kuchumia matufaha, nikaangukia bega la kulia. Naandika kwa mkono wa kushoto. Kitambaa cha kuning'iniza mkono wamenivua juzi, lakini mkono haupandi wala haugeuki, unakaa tu kama mgeni asiyejua pa kukaa. Sikukuambia kwa sababu ungepanda gari la posta kuja kunisumbua. Neville ananisumbua vya kutosha. Amenitafutia chumba Hobart, kwenye nyumba za wazee, karibu na kwake. Kina zulia, kina kengele ya kuita muuguzi. Kuta ni nyembamba, piano hairuhusiwi. Nikamuuliza nitafanya nini humo siku nzima. Akasema, "Utapumzika, Mama." Nimpumzikie nani?

Lakini nitakuambia kitu ambacho sijamwambia yeye. Tangu Machi karata zangu karibu zote zinatoka kichwa chini. Jumatatu kichwa chini, Jumanne kichwa chini, Gurudumu, Jua, Malkia wa Vikombe, wote wananing'inia kama popo. Haijapata kutokea maishani mwangu. Nimezisoma karata miaka mingi na najua zinaponiambia kaa chini, mama, umekwisha. Pengine Neville anasema kweli.

Kwenye dansi nimekuwa nikipiga mkono wa kushoto tu. Clarrie hakuuliza kitu. Usiku wa kwanza ule alisogeza kiti chake karibu na piano, akaiacha sauti yake ya kodiani na kupiga sehemu ya mkono wangu wa kulia, nota kwa nota, na zile mbwembwe zangu ndani yake. Miaka yote ile kumbe alikuwa anasikiliza. Ukumbini hakuna aliyejua kwamba piano ni nusu.

Naye anaondoka. Ameuza shamba lake la cheri, anakwenda kwa dada yake Bundaberg, kwenye joto. Atapiga dansi ya Juni halafu basi. Neno aliloniuliza ni letu wawili, halikuhusu.

Thelma

*

Shambani
Alhamisi, 14 Mei 1987

Shangazi wangu mpendwa, pole sana na bega. Pole, na nimekasirika, na pole tena. Garth anasalimu. Anasema bega la mkata manyoya hukandwa kwa maji moto na chumvi, fanya hivyo.

Sasa keti. Hapana, usiketi.

Asubuhi hii nilikuwa nageuza chapati za maji za kifungua kinywa. Unazijua, kijiko chini, unarusha, upande wa mbele unaangukia nyuma. Moja ilikuwa imeungua ukingo wa mbali, nikaigeuza, nikaona mbona ukingo ulioungua umehamia kwangu? Nikasimama hapo mpaka zikaungua zote na wanaume wakaanza kupiga meza.

Shangazi, karata unaifunua kwa mkono gani?

Mimi nauona mkono wako wa kulia mpaka leo. Ulikuwa unashika karata ubavuni na kuifunua kama ukurasa wa kitabu, kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Ulinipiga vidole nilipofanya vingine. Ulisema, "Funua kama kitabu, we mtoto, ukiipindua kama chapati unamsimamisha mtu kwa kichwa." Sasa mkono huo haugeuki. Unatumia wa kushoto, umekaa pale kwenye stuli ya piano, karata ziko mbele yako juu ya kifuniko. Naweka rehani sufuria zangu zote kwamba unashika ncha ya mbali na kuivutia kwako. Kama chapati! Kila karata iliyolala wima unaisimamisha kwa kichwa wewe mwenyewe.

Inuka uende kwenye piano ujaribu. Sasa hivi, barua iache hapo.

Umejaribu? Basi Jua lilikuwa jua. Malkia alikuwa ameketi vizuri kwenye kiti chake. Vikombe vyangu Viwili vilikuwa wima, na Garth anaruka ruka hapa kama mbuzi tangu nimwambie. Na asubuhi ya dansi ile ya Machi, Wapenzi walikuwa wamesimama kwa miguu yao.

Neno la Clarrie silijui, lakini mimi si mtoto. Mwambie hukusoma vizuri.

Jacinta

*

Shambani
Alhamisi, 4 Juni 1987

Shangazi,

Posta imekuja mara tatu bila barua yako. Baba ameniandikia (ndiyo, baba!) anasema u mzima, unafundisha, ila hufungui mlango vizuri na piano haisikiki tena jioni. Anasema pia karatasi za ile nyumba ya wazee ziko mezani kwako.

Nililosema kama limekuudhi, niudhikie kwa maandishi. Usininyamazie.

J.

*

Cygnet
Jumanne, 9 Juni 1987

Jacinta,

Barua zako zote mbili zimefika. Sisi wazima. Paka wa tano hajapata mtu, nimemwacha.

Nilijaribu. Kilichotokea sikuambii, maana unakijua, na sitaki kukuona ukitabasamu hata kwa mbali. Miaka yangu yote na karata hizi! Nimewasomea nusu ya wanawake wa bonde hili. Tangu Machi nimemkataza Dot kununua gari, nimemwambia mke wa mwoka mikate kwamba mtoto ni wa kike, na amezaa wa kike, kwa hiyo sijui nimekosea wapi na nimepatia wapi. Sijamwambia mtu. Na wewe usimwambie mtu.

Lakini mambo hayarudi nyuma kwa sababu ya chapati. Nilimwambia mwanaume hapana mbele ya viti vilivyokunjwa. Alisema, "Haya, Thelma," akachukua sahani yake. Hakunikasirikia hata kidogo, na hilo ndilo linaloniuma. Mazoezi ya Jumanne haji tena, anasema anafunga mizigo. Neville atakuja Ijumaa ile ya dansi, anichukue ukumbini, tulale hapa, Jumamosi nitie saini na tupakie. Piano inakwenda shuleni.

Nina miaka sitini na sita. Nikimfuata mtu sasa, watasemaje? Watasema Thelma amepoteza akili pamoja na bega. Mjane wa Alf, mpiga piano wa kanisa, anamkimbilia mwanaume wa vitunguu vya siki. Wewe uko mbali, huisikii mashine ya maneno ya mke wa muuza nyama pale dukani.

Kaa na Garth wako. Karata yako ilikuwa nzuri.

Thelma

*

Shambani
Alhamisi, 18 Juni 1987

Shangazi,

Leo hakuna salamu. Gari linawaka nje, dereva anapiga honi na mimi nina mkono mmoja kwenye unga.

Usiseme karata yangu ilikuwa nzuri. Siku nilipoamua kubaki na Garth, mimi nilijua ni mbaya. Niliikataa nikiiamini. Wewe ulipata karata mbaya ukaikubali haraka, mbio, kama mtu aliyetafutiwa kisingizio. Hukumwuliza Clarrie lolote wala hukujiuliza mwenyewe. Shangazi, uliogopa, na bado unaogopa, na sasa kwa kuwa karata ya kujifichia haipo, umejificha nyuma ya mke wa muuza nyama.

Ulinifundisha kutomwogopa mtu. Nilikuwa na miaka saba, yule mwalimu aliponiita mjinga ulimfuata mpaka barabarani na aproni yako. Yuko wapi yule mwanamke? Nimpelekee barua gani?

Kama unataka kwenda Hobart, nenda, nitakuja kukuona na kupiga kengele ya muuguzi. Kama hutaki, usiende.

Wako mimi, na sijutii neno hata moja,
Jacinta

*

Cygnet
Jumapili, 28 Juni 1987

Jacinta mwanangu, mkosefu wa adabu,

Natumai u mzima. Mimi nina malengelenge mguuni, na hiyo ndiyo habari ya afya. Baba yako anasalimu, bado hajafunga mdomo tangu Ijumaa. Garth mwambie maji ya chumvi yamesaidia kidogo.

Barua yako ilifika Ijumaa yenyewe mchana. Niliisoma nimesimama, nikaitupa kwenye kikapu cha kuni, nikaitoa, paka akiwa ameikalia. Nilikutukana kwa sauti. Halafu nikaoka soseji ndani ya unga, nikavaa lile gauni la kijani, nikaenda.

Ukumbi ulijaa kwa sababu Clarrie anaagwa. Walimpa saa na hotuba. Tulipiga nyimbo zote za zamani, mimi na kushoto kwangu, yeye na kulia kwangu, na hatukusemeshana ila "tuanze" na "rudia." Baada ya chai Neville akaingia, akasimama mlangoni amenishikia koti langu kabisa, limefunguliwa tayari niingize mikono. Kuliona lile koti, Jacinta, likinisubiri hivyo! Sijui nikuelezeje. Damu ilinipanda.

Mtangazaji akaita wimbo wa mwisho. Watu wakashikana. Nikafunga kifuniko cha piano.

Clarrie akageuka. "Bega?"

"Bega halina neno. Weka chini hiyo kodiani."

"Thelma, ni wimbo wa mwisho."

"Najua ni wimbo gani. Weka chini."

"Ukitoka wewe nikatoka mimi, inabaki ngoma tu."

"Ngoma inatosha," Dot akasema, akameza peremende yake. "Nendeni, msinipotezee muda."

Nikashuka jukwaani. Kila mtu amesimama katikati ya sakafu anatutazama, Dot peke yake anapapasa ngoma kwa zile brashi zake, moja mbili tatu, moja mbili tatu. Neville akaja na koti.

"Mama, unafanya nini?"

"Nacheza dansi. Kaa pembeni usije ukakanyagwa."

"Mama, watu wanakutazama."

"Nimewapigia piano miaka thelathini nimewapa mgongo. Wacha wanione uso."

Mke wa muuza nyama alikuwa karibu, nilimtazama moja kwa moja, na unajua alifanya nini? Akaanza kuimba ule wimbo kwa pua, mdomo umefungwa. Akafuata mumewe, akafuata baba yako, ambaye hana sauti ya kuitia ng'ombe, mpaka ukumbi mzima unavuma na mbao zinatetemeka. Tukacheza. Sikujua kucheza, Jacinta! Najua kila nota ya wimbo ule na miguu yangu haikuwahi kuusikia. Nilimkanyaga.

Clarrie akaniambia sikioni, "Karata za leo zimesemaje?"

"Sikuziuliza. Nakuuliza wewe. Lile neno bado lipo?"

"Tiketi ya Bundaberg iko mfukoni."

"Sikuulizia tiketi."

Akakosa hatua, akanikanyaga yeye sasa, ndiyo malengelenge haya. Akasema, "Lilikuwepo muda wote, Thelma. Sikulipakia."

Sikumwambia habari ya chapati. Nitamwambia siku moja, akizeeka.

Neville alilia na kunung'unika. Nimemtengenezea kifungua kinywa na kumrudishia karatasi zake, hazina saini. Amesema ninajiaibisha. Nimemjibu kwamba ni zamu yangu. Alipoondoka alinibusu, kwa hiyo atapoa. Piano ipo pale pale, na shuleni watafute nyingine.

Karata nimepanga asubuhi hii, nafunua kama kitabu, polepole, kwa mkono wa kulia, hata ukiuma. Nimepanga sita. Mahali pa Ijumaa nimepaacha wazi.

Umeniuliza umpelekee barua gani yule mwanamke wa aproni. Mwandikie kwa anwani hii hii. Juzi alirudi nyumbani na sahani mbili.

Shangazi yako,
Thelma